Ayub Ogada: Sura yake ilisahaulika, sauti yake haikusahaulika

Na MWANDISHI WETU

UKITOKA Kisumu kwa matatu kuelekea Busia, utapita Kisian, mahali ambapo barabara ya Bondo hujitenga, kisha gari litaanza kupanda hadi Maseno. Huu ni mji mdogo unaopitiwa na mstari wa ikweta, na tangu wamishonari walipofungua shule hapo mwaka wa 1906, umejulikana kwa masomo kuliko kwa jambo jingine lolote.

Siku hizi abiria wengi wa njia hiyo ni wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Maseno. Si wengi wanaosikiliza redio ya dereva. Kila mmoja ana muziki wake sikioni, na huenda mmoja wao anasikiliza "Yikes", wimbo wa Mmarekani Kanye West uliotoka Juni 1, 2018 na kuingia katika orodha ya nyimbo kumi bora za Marekani.

Jambo ambalo huenda mwanafunzi huyo halijui ni kwamba wimbo huo umejengwa juu ya kipande cha wimbo wa Kijaluo uliorekodiwa humu nchini mwaka wa 1976. Tena, mmoja wa watunzi waliotajwa kwenye wimbo huo aliishi na kuaga dunia Nyahera, hapo hapo Kisumu Magharibi, upande huo huo ulimo mji wa Maseno.

Mtu huyo ni Ayub Ogada. Waliotazama filamu za miaka ya themanini huenda walimwona bila kumjua, maana wakati huo aliitwa Job Seda na nafasi aliyopewa ilikuwa ya pembeni. Wapenzi wa muziki wa Ulaya na Marekani, kwa upande wao, walimjua vizuri hata kabla ya majirani wengi wa Kisumu kulisikia jina lake.

Wahenga walisema kwamba mcheza kwao hutunzwa. Maisha ya Ogada yanatufanya tuiulize methali hiyo swali moja: Je, huyu alitunzwa wapi?

MTOTO WA MOMBASA

Job Seda alizaliwa Mombasa mwaka wa 1956, katika familia ya Wajaluo waliopenda muziki. Miaka hiyo Wajaluo wengi walikuwa wakiishi Mwambao kwa sababu ya kazi za bandarini, za reli na za ofisi za serikali, na watoto wao walikua wakizungumza Kiswahili barazani na Kijaluo nyumbani.

Alipokuwa na umri wa miaka sita hivi, wazazi wake walimchukua hadi Chicago, Marekani, ambako baba yake alikwenda kusomea udaktari. Huko wazazi hao hawakuziacha nyimbo za kwao. Waliziimba mbele ya wanafunzi wa vyuo vya Marekani, na mtoto alikuwa akiona na kusikia.

Hebu fikiria mafunzo aliyoyapata mtoto huyo. Kabla hajatimiza miaka kumi alikwisha kuona kwamba wimbo wa kijijini unaweza kuimbwa mbele ya wageni wasiojua neno hata moja la lugha yake, na bado wakatulia wakasikiliza. Wanamuziki wengi wa Afrika Mashariki hulijua jambo hilo wakiwa watu wazima, na wengine hawalijui kabisa.

Baada ya miaka miwili familia ilirudi Kenya. Job alisoma katika shule ya Kikatoliki humu nchini, kisha akapelekwa shule ya bweni nchini Uingereza. Aliporudi alikuwa kijana wa dunia mbili: aliujua muziki wa roki na wa soul kama vijana wenzake wa Nairobi, na pia aliijua ngoma ya kwao.

Wazazi wa siku hizo walipenda mtoto wao awe daktari, wakili au mhandisi. Kijana huyu alichagua ngoma. Alifanya kazi Bomas of Kenya akiwa mpiga ngoma, mahali ambapo ngoma za makabila mbalimbali ya Kenya huchezwa mbele ya watalii na watoto wa shule.

BENDI YA VIJANA WA NAIROBI

Miaka ya sabini Nairobi ilikuwa na kampuni kubwa za santuri, na bendi zilikuwa nyingi. Wako waliopiga rumba ya Kizaire, wako waliopiga benga, na wako vijana wa mjini waliopenda magitaa ya umeme ya Ulaya na Marekani. Black Savage ilikuwa moja ya bendi hizo za vijana, na Job Seda alikuwa miongoni mwao.

Santuri yao ndefu ya mwaka wa 1976 ilikuwa na nyimbo za Kiingereza. Hata hivyo, wimbo wao uliodumu kuliko nyingine zote ulikuwa wa Kijaluo, nao uliitwa "Kothbiro". Maana yake ni kwamba mvua yaja. Ni wimbo wa nyumbani kabisa: mawingu yametanda, na watoto wanahimizwa warudishe mifugo kabla mvua haijawakuta malishoni.

Watunzi wanaotajwa ni wawili, James Mbarack Achieng na Job Seda. Msomaji, yakumbuke majina hayo mawili, kwa sababu tutayarudia tukifika kwenye hesabu ya fedha.

Mwaka wa 1979 Job Seda alikuwa mmoja wa waanzilishi wa African Heritage Band. Jina hilo lilitokana na nyumba ya sanaa ya African Heritage mjini Nairobi, iliyoanzishwa na Mmarekani Alan Donovan pamoja na Joseph Murumbi, aliyewahi kuwa Makamu wa Rais wa Kenya. Bendi hiyo ilichanganya ala za jadi na magitaa, na muziki wake ukawa sehemu ya maonyesho ya mavazi na mapambo ya Kiafrika yaliyopelekwa hadi ng'ambo.

Hapo ndipo kijana huyu alipozoea jukwaa lenye taa kali, mavazi na macho ya watu. Haikuwa ajabu basi filamu zilipobisha hodi.

KANUTHIA

Mwelekezaji Sydney Pollack alikuja Kenya kutengeneza "Out of Africa", filamu ya mwaka wa 1985 inayotokana na maisha ya Karen Blixen, mwanamke wa Denmark aliyekuwa na shamba la kahawa karibu na vilima vya Ngong. Meryl Streep na Robert Redford walikuwa waigizaji wakuu.

Waafrika walipewa nafasi za wasaidizi. Malick Bowens, mzaliwa wa Mali, aliigiza Farah, Msomali aliyekuwa msimamizi wa nyumba. Joseph Thiaka aliigiza Kamante, mpishi. Job Seda aliigiza Kanuthia, mtu wa Denys Finch Hatton, yule mwindaji aliyeigizwa na Redford.

Kanuthia ni jina la Kigikuyu, na Job Seda alikuwa Mjaluo. Kwa watazamaji wa Kenya hili si geni. Katika vipindi vya "Vitimbi" na "Vioja Mahakamani", Mjaluo aliyetuchekesha kwa miaka mingi, Mzee Ojwang', aliigizwa na Benson Wanjau, Mgikuyu aliyeaga dunia mwaka wa 2015. Hiyo ndiyo kazi ya uigizaji: kuvaa jina la mwenzako na kulibeba kwa heshima.

Kazi ya mwigizaji msaidizi ni ngumu kuliko inavyoonekana. Yule mkuu ana maneno mengi ya kujieleza. Msaidizi ana dakika chache tu, na mara nyingi hana maneno. Lazima mtazamaji amwamini kwa namna anavyosimama, anavyotazama na anavyongoja. Akizidisha, anaharibu, akipunguza, anageuka kuwa kiti au meza ya nyumbani kwa bwana.

Filamu hiyo ilipata tuzo saba za Oscar mwaka wa 1986. Mojawapo ilikuwa ya muziki, nayo ilimwendea Mwingereza John Barry. Kwa hivyo, mbele ya kamera alisimama mwanamuziki wa Kenya, mtu aliyekwisha kutunga "Kothbiro" miaka tisa nyuma, lakini muziki wa kuieleza Kenya ulitungwa na mtu wa kutoka ng'ambo.

Hatusemi hivyo kwa kumlaumu Barry, ambaye muziki wake unapendwa hadi leo. Tunasema tu kwamba ndivyo mambo yalivyokuwa. Hollywood ilipofika Kenya ilikuja na vyombo vyake, waigizaji wake wakuu na muziki wake, na kutoka kwa wenyeji ilihitaji zaidi mandhari na nyuso.

Job Seda alionekana pia katika "The Kitchen Toto", filamu ya mwaka wa 1987 iliyoelekezwa na Harry Hook, kuhusu mvulana wa Kigikuyu anayefanya kazi jikoni kwa afisa wa polisi Mzungu wakati wa vita vya Mau Mau. Angeweza kuendelea hivyo, filamu moja baada ya nyingine, akingojea wageni waje na nafasi ndogo ndogo. Lakini alichagua njia nyingine.

NYATITI NA RELI YA CHINI YA ARDHI

Mwaka wa 1986 aliondoka Kenya akaenda Uingereza, na mkononi alikuwa na nyatiti.

Kwa msomaji wa mjini ambaye hajaiona, nyatiti ni zeze la Wajaluo lenye nyuzi nane. Mwili wake ni gogo la mti lililochongwa likawa kama bakuli, kisha likawambwa ngozi. Zamani nyuzi zilikuwa kano za ng'ombe. Siku hizi hutumiwa nyuzi za nailoni, zile zile za kuvulia samaki. Mpigaji, anayeitwa jathum, huketi kwenye kigoda kifupi, akavaa pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu na njuga mguuni. Mikono inacharaza nyuzi, pete inagonga mti, njuga zinalia, na juu ya hayo yote mtu huyo huyo anaimba. Ni bendi nzima ndani ya mtu mmoja.

Wapiga magitaa wa benga walijifunza mengi kutoka kwa ala hii. Ukisikiliza vizuri gitaa la mbele katika nyimbo za Daniel Owino Misiani, utasikia vidole vya jathum.

Job Seda alipofika London hakuwa na bendi wala jina. Alipiga nyatiti yake katika vituo vya reli ya chini ya ardhi, watu wakipita mbio kwenda kazini, wachache wakisimama na kudondosha sarafu. Wazazi wengi wangesema mtoto wao amepotea. Mtu aliyekwisha kuigiza pamoja na Robert Redford sasa anaimbia wapita njia!

Lakini huko ndiko alikogunduliwa. Watu wa tamasha la Womad walimsikia, wakamwalika kupiga katika tamasha lao la mwaka wa 1988. Womad lilianzishwa na mwanamuziki Mwingereza Peter Gabriel na wenzake ili kuwakutanisha wanamuziki wa nchi mbalimbali. Tangu hapo alizunguka nchi nyingi akiwa na jina jipya: Ayub Ogada.

Jina hilo halikuwa jipya sana. Job wa Biblia ya Kiingereza ndiye Ayubu wa Biblia ya Kiswahili na Ayub wa Waislamu, yule nabii wa subira. Mtoto wa Mombasa alilijua hilo bila kuambiwa na mtu.

Mwaka wa 1993 kampuni ya Real World, ambayo ni ya Peter Gabriel, ilitoa albamu yake iitwayo "En Mana Kuoyo", yaani ni mchanga tu. Ndani yake "Kothbiro" ilirudi, lakini si kwa namna ile ya vijana wa Black Savage. Safari hii ilikuwa nyatiti, sauti tulivu na nafasi kubwa ya ukimya. Watu waliozoea muziki wa kelele waliushangaa muziki ambao hauna haraka.

WIMBO UNAPOIGIZA

Sasa tuje kwenye jambo lililoubadilisha mkondo wa habari hii.

Mwaka wa 2005, miaka ishirini baada ya "Out of Africa", filamu nyingine kubwa kuhusu Kenya ilitoka. Hii ni "The Constant Gardener", iliyoelekezwa na Fernando Meirelles wa Brazil kutokana na riwaya ya John le Carré. Hadithi yake ni ya kampuni ya dawa inayofanya majaribio kwa maskini, na ya mwanamke Mwingereza anayeuawa kwa sababu ya kufichua siri hiyo. Sehemu zake zilipigwa picha Kibera jijini Nairobi, na nyingine Loiyangalani kando ya Ziwa Turkana.

Muziki wa filamu hiyo ulisimamiwa na Alberto Iglesias wa Uhispania. Hata hivyo, safari hii mtunzi kutoka ng'ambo hakufanya kazi yote peke yake. Miongoni mwa nyimbo zilizotumiwa ni "Kothbiro" ya Ayub Ogada.

Mtazamaji wa Tokyo au wa Madrid hajui Kijaluo. Hajui kwamba anayeimba anahimiza watoto warudishe ng'ombe. Anachosikia ni kwamba kuna jambo zito linalokuja, na kwamba mtu fulani anawaonya wenzake kwa upole. Hicho ndicho filamu ilichohitaji, na mwandishi wa mazungumzo asingeweza kukiandika.

Kwa hakika wimbo huo ulifanya kazi ya mwigizaji msaidizi. Hauonekani, haumnyang'anyi mkuu nafasi yake, lakini ukiondolewa, filamu inapwaya. Mwaka wa 1985 Hollywood ilichukua uso wa Job Seda na kuiacha sauti yake. Mwaka wa 2005 iliichukua sauti na kuuacha uso. Ni ile sauti iliyobaki katika vichwa vya watu.

Filamu hizo zote mbili zimeonyeshwa kwenye runinga miaka nenda miaka rudi. Bila shaka ziko familia ambazo zimeketi sebuleni zikamwona mtu huyu katika ya kwanza na kumsikia katika ya pili, na hazikujua kwamba ni mtu mmoja.

MSICHANA WA KUTUMWA

Katika "The Constant Gardener" kulikuwa na mtu mwingine mwenye asili ya Kisumu. Miongoni mwa vijana waliofanya kazi nyuma ya kamera, wale wa kutumwa huku na huku, alikuwamo Lupita Nyong'o. Baba yake, Profesa Peter Anyang' Nyong'o, aliyechaguliwa kuwa gavana wa Kisumu mwaka wa 2017, ni mtu wa Seme, si mbali na Maseno.

Filamu hiyo ilimpa Rachel Weisz tuzo ya Oscar ya mwigizaji msaidizi bora wa kike mwaka wa 2006. Wakati huo hakuna aliyemjua yule msichana wa Kenya aliyekuwa akitumwa. Baadaye Lupita aliigiza katika "Shuga", mchezo wa runinga wa mwaka wa 2009 uliozungumzia ukimwi miongoni mwa vijana wa Nairobi. Mwaka wa 2014 naye akapokea tuzo ile ile ya mwigizaji msaidizi, kwa filamu ya "12 Years a Slave".

Katika "Shuga" hiyo hiyo, watazamaji walimwona pia mwimbaji Avril akiigiza Miss B'Have. Na si yeye peke yake aliyevuka kutoka muziki hadi runinga. Sanaipei Tande, aliyefahamika kupitia shindano la uimbaji mwaka wa 2004, baadaye aliingia katika nyumba za watu kupitia mchezo wa "Kina", akiwa Nana Tandala.

Njia ya kutoka kwenye maikrofoni hadi kwenye kamera imekuwa pana kuliko ilivyokuwa Job Seda alipoipitia. Zamani mtu alingoja wageni waje na kamera zao. Leo michezo ya runinga inatengenezwa hapa nyumbani, kwa lugha zetu, na mwimbaji anayejua kusimama mbele ya watu ana mtaji tayari. Lakini mtaji huo bila hesabu ni kazi bure.

JASHO NA KARATASI

Katika desturi ya Wajaluo, malipo ya jathum yalikuwa ya papo hapo. Nyatiti ikilia matangani au kwenye karamu, msikilizaji humsimamisha mpigaji, akatoa fedha na kujisifu mwenyewe, ukoo wake, marafiki zake na hata wakwe zake. Desturi hii huitwa pakruok. Mwenye kujisifu anaketi akiwa ameridhika, mwenye nyatiti anaendelea, na kila mmoja ameona nani amelipa.

Muziki wa rekodi haulipi hivyo. Wimbo ukipigwa London au Los Angeles, mtunzi aliye Nyahera haoni sarafu ikidondoka. Analindwa na karatasi tu. Ndiyo sababu tulisema yakumbuke yale majina mawili.

Kila wimbo uliorekodiwa una haki za aina mbili. Ya kwanza ni ya mtunzi, yaani maneno na sauti jinsi zilivyopangwa. Ya pili ni ya rekodi yenyewe, ambayo mara nyingi ni ya kampuni iliyogharamia studio. Mtengenezaji wa filamu anayetaka kutumia wimbo hana budi kupata ruhusa za pande zote mbili. Vivyo hivyo mwanamuziki anayekata kipande cha rekodi ya zamani na kukiweka chini ya wimbo wake mpya.

Ndivyo ilivyokuwa kwa "Yikes". Kipande kilichotumiwa kilitoka katika "Kothbiro" ya Black Savage, ile ya 1976, wala si ile ya nyatiti ya 1993. Kwa hivyo, katika orodha ya watunzi wa wimbo huo wa Marekani yameandikwa majina ya James Mbarack Achieng na Ayub Ogada. Vijana wawili wa bendi ya Nairobi, miaka arobaini na miwili baadaye, wameandikwa pamoja na Kanye West.

Kama majina hayo yasingeandikwa tangu mwanzo, nani angewatafuta? Wako wanamuziki wangapi wa benga na wa taarab ambao nyimbo zao zinapigwa hadi leo, lakini waliziuza studioni kwa bei ya nauli ya kurudi nyumbani, bila hata risiti?

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka wa 2001 inasema haki ya mtunzi hudumu maisha yake yote, na miaka hamsini baada ya mwisho wa mwaka aliofariki. Ayub Ogada alifariki Februari 1, 2019. Kwa hesabu hiyo, fungu lake katika tungo zake linalindwa humu nchini angalau hadi mwisho wa mwaka wa 2069. Watoto wanaozaliwa leo watakuwa watu wazima wenye familia zao, na wimbo wa mvua bado utakuwa na wenyewe.

KURUDI NYUMBANI

Baada ya miaka ya kuzunguka dunia, Ogada alirudi akaishi Nyahera, kaskazini mwa jiji la Kisumu. Hakuacha kazi. Alishirikiana na mpiga gitaa Mwingereza Trevor Warren, na miongoni mwa matunda ya ushirikiano huo ni albamu ya "Kodhi". Neno hilo la Kijaluo ni mbegu.

"Yikes" ilipotoka Juni 2018 alikuwa hai. Miezi minane baadaye alifariki akiwa Nyahera. Magazeti ya ng'ambo yaliandika habari zake kwa kirefu. Humu nchini wengi walilijua jina lake kwa mara ya kwanza siku ile ya tanzia.

Sasa turudi kwenye swali letu. Mcheza kwao hutunzwa, lakini kwao Ogada ni wapi? Alitunzwa London, akatunzwa katika majukwaa ya Ulaya na Marekani, na wimbo wake ukatunzwa na filamu. Hapa nyumbani tulimpa ardhi ya kupumzika, ila masikio yetu tuliyachelewesha.

Hata hivyo, si lazima mambo yawe hivyo kwa wanaofuata. Chuo Kikuu cha Maseno kinafundisha muziki, na wako wasomi wake walioifanyia nyatiti utafiti. Mjapani Eriko Mukoyama, anayejulikana kama Anyango, alitoka Tokyo akaja kuketi kijijini Siaya ajifunze nyatiti, ala ambayo kwa desturi ilikuwa ya wanaume. Kama mgeni wa kutoka Tokyo aliona thamani yake, mtoto wa Kondele au wa Kibuye hana sababu ya kuionea haya.

Mzazi unayesoma makala haya, huenda unaye kijana anayetaka kuimba au kuigiza, na moyoni umekata shauri kumkataza. Usimkataze kwa haraka. Mwulize kwanza mambo matatu. Je, anaijua ala yoyote au lugha ya kwao kiasi cha kuwa na kitu ambacho mwingine hana? Je, yuko tayari kuichukua nafasi ndogo na kuifanya vizuri, bila kudai kuwa mkuu siku ya kwanza? Na je, ameandika jina lake kwenye kila alichotunga, na karatasi akaihifadhi?

Job Seda alikuwa na majibu ya maswali hayo yote. Kanuthia ilikuwa nafasi ndogo, akaikubali. Nyatiti ilikuwa ya kwao, akaibeba hadi chini ya ardhi ya London. Na jina lake liliandikwa pale lilipostahili kuandikwa.

Siku nyingine ukiwa katika matatu ya Maseno, mawingu ya mchana yakianza kupanda kutoka ziwani kama kawaida yao, mwombe kijana aliyeketi kando yako akupigie "Kothbiro" kwa simu yake. Huenda akakuambia haijui. Basi mwambie imetoka wapi, na ni nani aliyeiimba.